Mamba Muntu ukutani, bahari mbali: picha inatukumbusha nini?



Tulipokaa kikao cha kupanga kitabu hiki cha mila, tulisema kwamba safari hii tutaandika juu ya kulinda maji, toka mito yetu mpaka bahari. Mzee mwenye nyumba akacheka, akatuuliza: "Bahari gani tena, bana bangu? Huku Kasungami tuko na bahari wapi? Hata kisima yangu njo ile, inakauka mu mwezi ya kumi." Wote tukacheka. Lakini swali la mzee lilikuwa swali la kweli, na hatukutaka kulipita. Mtu hawezi kulinda kitu ambacho anaona si chake.

Jibu lilikuwa nyuma ya kichwa chake. Ukutani, juu ya kabati ya televizio, ilitundikwa picha ya zamani ya mamba muntu, rangi imeanza kupasuka pembeni. Mwanamke wa nywele ndefu, mwili wa chini samaki, amekaa kando ya maji makubwa ambayo hayana ng'ambo. Tukamuuliza mzee: "Na haya maji, tata, ni ya wapi?" Akageuka, akaiangalia sawa vile mtu anayeiona mara ya kwanza. Akasema: "Sijue. Ni maji tu."

Basi makala haya ni juu ya picha ile, na juu ya picha nyingine mpya tuliyoiona baadaye. Tunataka kuzipima zote mbili bila upendeleo.

Bahari inafika kwetu kwa njia mbili

Kwanza tumjibu mzee. Njia ya kwanza ni ya maji yanayoondoka. Maji ya mvua yanayotelemka mu mifereji ya mji wetu, pamoja na yale tunayomwaga nyuma ya lupango, yanatafuta mto Lubumbashi ao mto Kafubu. Kafubu inaingia Luapula. Luapula inapita Kasenga na kuingia ziwa Mweru. Pale Pweto maji yanatoka tena kwa jina la Luvua, yanakutana na Lualaba karibu na Ankoro, yanapita Kongolo na Kindu, yanafika Kisangani, na kutoka pale tunayaita mto Kongo. Mwisho wake ni Banana, mu Atlantika. Ni safari ya zaidi ya kilometa 3,000. Kila sekunde mto Kongo unamwaga baharini maji karibu metakibu 41,000. Duniani ni Amazon peke yake inayoushinda. Pwani ya inchi yetu ni fupi, kama kilometa 40 hivi, lakini pale Muanda kuko hifadhi ya mikoko na bahari toka mwaka 1992, kwa sababu samaki wengi wanazalia mu mizizi ya mikoko ile.

Hatusemi kwamba kila tone la uchafu wa Lubumbashi linafika Banana. Mengi yanabaki njiani, mu matope ya mito na ya maziwa. Lakini kubaki njiani maana yake ni kubaki kwa ndugu zetu wa Kasenga na Pweto, na mu samaki ambao sisi wenyewe tunawanunua. Sashe ya plastiki ndiyo isiyochoka: inaelea, inakwama, mvua inaichukua tena, inaendelea na safari. Inchi yetu ilikataza mifuko ile kwa dekre ya tarehe 30 Desemba 2017. Kila mtu anayepita soko ya Kenya ataona mwenyewe kama dekre ile inatembea ao imelala.

Njia ya pili ni ya samaki wanaokuja. Thomson tunayokula na bukari haitoki Luapula. Nyingi inatoka mu bahari ya Namibia, inagandishwa, inapakiwa mu makamyo, inakata Zambia yote na kuingia kwa mupaka wa Kasumbalesa. Namibia, toka ipate uhuru mwaka 1990, ilijitangazia bahari yake mpaka maili 200, ili meli za wageni ziache kuvua bila kipimo. Lakini samaki mwingine wa kwao, sardini, alikuwa amekwisha kuvuliwa mno zamani, na mwaka 2018 serikali yao ililazimika kusimamisha kabisa uvuvi wake kwa miaka mitatu. Kama siku moja thomson naye atafika pale, mama wa Kasungami atajua mbele ya watu wengi wa Ulaya, juu bei itapanda mu beseni ya soko yetu.

Kwa hiyo, tata, bahari tuko nayo. Iko mu sahani, na iko mu mufereji.

Picha ya ukumbusho

Sasa turudi ukutani. Vijana wengi wanaona mamba muntu kama picha ya washenzi ao ya shetani. Ni vizuri wajue thamani yake. Katika miaka ya 1960 na 1970, mu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wachoraji wetu walichora kwa maelfu juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, wakauza nyumba kwa nyumba, na mfanyakazi wa kawaida akatundika picha mu saloni yake. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, ambao waliishi kwetu wakati ule, waliandika juu ya picha hizi mwaka 1976. Waliona kwamba watu hawakununua picha kwa uzuri wake peke yake. Walinunua ukumbusho: kitu cha kuleta mawazo, cha kuanzisha maneno kati ya mwenye nyumba na mgeni. Kulikuwa picha ya Colonie belge, kulikuwa ya Lumumba, na kati ya zile zilizopendwa sana kulikuwa mamba muntu. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mu mji huu mwaka 1947, alichukua kazi ileile ya ukumbusho akaifikisha mbali: mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya inchi kwa picha zaidi ya 100. Bila wao tungekuwa na historia ya vitabu tu, bila historia ya saloni.

Kuko pia jambo ambalo linatufurahisha. Wataalamu wa mambo ya Mami Wata, ambaye ni dada wa mamba muntu wetu, wanaonyesha kwamba sura ya mwanamke mwenye nyoka ilienezwa na picha moja iliyochapwa Hamburg, Ujerumani, mu karne ya 19, ikafika Afrika Magharibi kwa meli. Bankambo walikuwa tayari na pepo za maji zao wenyewe. Sura ilikuja ikawavika. Ni kusema, bahari ilifika ukutani kwetu kabla sisi hatujaanza kuizungumza.

Picha ya mzee ni kazi ya mkono uliojua. Maji yamechorwa kwa rangi mbili tu, bleu na nyeusi, na nyeusi ndiyo iko karibu na mwanamke. Yeye hatuangalii. Anachana nywele, ana saa ku mkono, na nyoka amemzunguka. Pembeni, mbali, mdogo sana, kuko mwanaume amesimama. Hatujui kama anakuja ao anakimbia. Pale ndipo nguvu ya picha: maneno yote yanabaki kwa mtazamaji.

Na maneno yale kila mtu wa Katanga anayajua. Mwanaume akipata unywele wake ao kitu chake, mamba muntu atamfuata mu ndoto. Atampa mali. Lakini kwa masharti mawili: asiseme kwa mtu, na siku moja atoe mmoja wa jamaa yake. Mali ya maji ina bei, na bei ni mtu.

Picha mpya

Picha ya pili tuliikuta kwa mchoraji kijana wa hapahapa kartie, ambaye hatutamtaja, kwa sababu tunamheshimu na tunataka aendelee. Watu wa kampeni ya usafi walimwomba achore kitu cha kuhamasisha watu juu ya maji. Akachora mamba muntu tena. Lakini huyu anatuangalia usoni, analia, ana machozi makubwa kama mahindi. Mu mkono wake, pahali pa kitana, ameshika sashe. Juu yake kuko maandiko makubwa ya rangi nyekundu: TULINDE MAJI NA BAHARI. Chini kuko samaki watatu waliokufa, na ng'ambo jua la kutua.

Mkono wa kijana ni mzuri. Maji yake yanang'aa kuliko ya mzee. Nia yake ni nzuri. Lakini tuseme kweli: tulisimama mbele ya picha ile dakika mbili, tukamaliza. Hakuna aliyeuliza neno. Maandiko yalikuwa yamekwisha kutuambia cha kufikiri, na tulikubali sawa vile mtu anavyokubali mahubiri ya siku ya yenga, kisha anatoka nje na kutupa sashe ya biskuti. Mbele ya picha ya mzee tulibishana mpaka saa mbili ya usiku.

Kosa si kwamba amebadilisha mila. Mila inabadilika, picha yenyewe ilitoka mbali. Kosa ni kwamba amemfanya mamba muntu kuwa masikini wa kuhurumiwa. Amemtoa nguvu. Mamba muntu wa zamani haombi huruma ya mtu. Ukichukua kitu chake, unaingia mu deni. Kijana alitaka tuhurumie maji. Mzee wa zamani alitaka tujue kwamba maji yanatudai. Kati ya mambo haya mawili, la pili ndilo linalomzuia mtu mkono.

Tusiwapake bankambo rangi nzuri mno

Mu kikao chetu kulikuwa ndugu waliosema: "Munaona! Bankambo njo balikuwa balinzi ba maji. Mamba muntu ilikuwa sheria yabo ya kulinda samaki." Neno hili ni tamu, na linauzika vizuri mbele ya wafadhili. Sisi hatulikubali lote.

Tuchukue Luapula. Mila ya kule inasimulia jinsi Nachituti, baada ya kaka yake Nkuba kumuua mtoto wake, alivyompa Mwata Kazembe inchi na maji. Tuone vizuri: hata katika masimulizi yale, maji yanatembea pamoja na damu ya mtoto. Na kulikuwa kweli wenye maji, watu ambao bila ruhusa yao mtu hakutega. Hiyo ilikuwa sheria. Lakini ilikuwa sheria ya mamlaka na heshima, na mamlaka yakivunjwa, sheria inaanguka.

Ndivyo ilivyotokea kwa mpumbu. Samaki huyu wa Mweru na Luapula alikuwa anapanda mto kwa makundi makubwa wakati maji yanajaa, tumbo limejaa mayai. Wafanyabiashara Wagiriki walikuwa Kasenga, soko lilikuwa Élisabethville, na wafanyakazi wa shaba walihitaji kula. Wakamvua palepale njiani, kabla hajatega mayai, Wazungu kwa Waafrika. Kufika mwisho wa miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950, makundi yale yakawa yamekwisha. Hakuna mamba muntu aliyetokea kumzuia mtu. Na aliyekula mpumbu yule ni sisi, mji wetu, sufuria za bankambo zetu wa kambi. Zambia leo inafunga uvuvi kule kila mwaka toka tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Kalenda hii ya serikali haina uzuri wa picha, lakini inafanya kazi ambayo picha haikufanya.

Basi tusiseme kwamba picha ya mamba muntu ni sheria ya uvuvi. Ni kitu kingine: ni mawazo juu ya mali na bei yake.

Deni linalipwa na nani?

Na mawazo yale, kwa mji wa shaba, yana ukali ambao picha ya sashe haina. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Mwaka 1911 tanuru likaanza kuyeyusha. Shaba haioshwi bila maji. Mali yetu yote imepita mu maji, sawa vile mali ya mwanaume wa picha. Mwaka 2009 watafiti wa Univerisite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na mines na viwanda vya Katanga wana kobalti mu mukojo kwa kiasi kikubwa mno, na watoto wako kati yao. Na mwezi wa Novemba 2025, hapa mu komini yetu ya Annexe, bwawa la maji machafu la kampuni moja ya shaba na kobalti lilivunjika, maji yakaingia mu makartie, watu wakayakanyaga kwa miguu. Serikali ikasimamisha kazi za kampuni ile. Watoto waliotoka kucheza mvua siku ile hawakuwa wamesaini mapatano na mtu.

Hapa tunaona kitu ambacho mchoraji wa zamani hakukijua. Katika masimulizi yake, anayetajirika analipa na mtoto wake mwenyewe. Ni uchungu, lakini kuko haki fulani ndani yake: mkono uliopokea ndio unaotoa. Leo anayepokea anakaa mbali, na mtoto anayetolewa ni wa jirani wa mufereji, ao wa mvuvi wa Kasenga, ao wa mama wa Muanda ambaye hatutamwona maisha yetu yote. Mamba muntu wa zamani alikuwa mwenye haki kuliko biashara ya leo. Kijana wetu angechora hilo, tungebishana mpaka asubuhi.

Makosa ya picha ya zamani

Lakini hata picha ya mzee ina makosa, na ukosoaji usiogope uzee.

Kwanza, inamweka mwanamke kuwa chanzo cha balaa. Mwanaume ndiye aliyetamani, lakini picha inamwonyesha mdogo, mbali, kama asiye na hatia. Mama zetu ndio wanaoamuka alfajiri kutafuta maji kwa bido za lita 20. Wao wanajua ladha ya kila kisima cha kartie. Si haki ukuta wetu uwafundishe watoto kwamba hatari ya maji ina sura ya mwanamke.

Pili, inatufundisha kuogopa maji. Mtu anayeogopa kitu hakilindi. Anakikimbia, ao anakitupia uchafu akiwa mbali.

Tatu, na hili ndilo kubwa, inatufundisha kunyamaza. Sharti la kwanza la mamba muntu ni siri: ukisema, mali inapotea. Ni ajabu gani namna sharti lile limeingia mu maisha yetu! Kijana anayefanya kazi ku kiwanda anaona bomba linalomwaga usiku, ananyamaza, juu akisema atapoteza kazi. Shefu anaona, ananyamaza. Muuzaji anajua samaki wake wametegwa na chandarua ya mbu, ananyamaza. Sisi waandishi wa vitabu vya mila pia tunaandika juu ya bankambo, kwa sababu wafu hawafungi milango. Wote tumeshika unywele.

Kuhamasisha watu juu ya bahari, kwa maoni yetu, ni kuvunja siri ile. Si kulia pamoja na mamba muntu.

Tunachoomba

Kwa wachoraji: musiandike maandiko juu ya picha kama picha inaweza kusema. Muchore mufereji wetu wa kweli, na Kafubu ya kweli, na kamyo ya thomson inayokata mupaka. Muchore mwanaume yule karibu, tumwone uso. Na kama mutamchora mamba muntu, mumwache na nguvu zake.

Kwa walimu: chukueni karta, muwaache watoto wafuate maji kwa kidole toka Kafubu mpaka Banana. Mtoto aliyefanya hivyo mara moja hatauliza tena bahari iko wapi.

Kwa wazee wenye picha za zamani mu saloni: musiziuze kwa wageni wa kwanza wanaopita, wala musizichome kwa sababu mtu amesema ni za shetani. Kwanza mukae chini yake na wajukuu, mubishane.

Tulirudi kwa mzee wa Kasungami tulipomaliza kuandika, tukamsomea karatasi hizi. Alinyamaza sana. Kisha akainuka, akafuta vumbi ku kioo cha picha na kitambaa, akasema: "Kumbe haya maji ni ya kwetu." Halafu akaita mjukuu wake, akamtuma kuokota masashe mu mufereji mbele ya lupango. Mtoto akauliza juu ya nini. Mzee akamwonyesha mwanamke wa ukutani, akamwambia: "Keti kwanza. Nitakuelezea."